Fundi Stamili na Breki Zilizoushinda Mteremko wa Newala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu haujaachia mitaa ya Masasi. Stamili ameketi juu ya tairi kuukuu, kanga imefungwa juu ya suruali ya kazi, mbele yake pikapu iliyopandishwa jeki. Anapitisha kidole kwenye diski ya breki, kidole kinarudi chekundu kwa kutu.

"Nani kaipiga msasa diski hii?"

"Shikamoo, Mama Bimdogo," dereva anajibu kwa aibu. "Ni fundi wa Mkunya. Alisema ile rangi ya kijivu ni uchafu wa kiwandani."

"Marahaba. Ile rangi ndiyo koti lake. Umemvua mtu koti, halafu unashangaa mvua inamnyeshea?"

Dereva anacheka. Stamili hacheki, anachukua brashi ya waya na kuanza kukwangua kutu pale diski inapokalia.

Tangu serikali iliporuhusu biashara huria, magari ya mitumba yamejaa Kusini, na wanunuzi binafsi wa korosho huyapandisha hadi Kitangari. Spea nazo zimekuja za kila namna, nzuri na mbovu zikiuzwa meza moja. Msimu ukichanganya, Stamili hutengeneza breki za magari manne kwa siku.

Miaka saba iliyopita alikuwa akiuza chai karibu na gereji. Mumewe, Twahiru, alikuwa dereva. Siku moja akiteremka kutoka Newala na abiria, kanyagio la breki likawa gumu kama jiwe na gari lisipungue mwendo. Aliligongesha kwenye ukuta wa mlima. Abiria walipona. Yeye alivunjika mguu, na tangu hapo hakushika usukani.

"Mguu ulipona," Stamili anasema. "Moyo ndio uligoma."

Gari lilipovutwa hadi gerejini, alikwenda kulitazama. Pedi zilikuwa zimeungua na kumeguka kama mkate mkavu. Kesho yake aliacha birika, akamwomba Anselmo, fundi kutoka Lukuledi, amfundishe. Wanaume wa gerejini waliangua kicheko. Anselmo alimpa spana.

Leo anachagua pedi kama wengine wanavyochagua mbegu. Anakagua ukingo, ikimeguka kwa ukucha, anaitupa. Anatazama kama imeshika vizuri kwenye bati lake. Ngumu kupita kiasi hazitaki, kwa kuwa hula diski. Laini nazo hazivumilii joto la mteremko na mzigo.

Diski mpya yenye mpako wa kijivu huifuta mafuta tu. Pedi zenyewe huuondoa mpako pale zinapogusa. Penginepo mpako unabaki kuzuia kutu. Na kila dereva huondoka na wosia: ukiosha gari, zunguka kidogo ukikanyaga breki zikauke, ndipo uegeshe.

Lakini pedi zake zilikuwa ghali, na mwaka juzi madereva walianza kumkimbia. Cyril, mwenye pikapu kadhaa Newala, alimwambia mbele za watu, "Mama, breki ni breki. Unatuuzia jina."

"Basi twende mlimani, Baba Rose," akajibu.

Walikubaliana: pikapu mbili, moja na pedi za Stamili, nyingine na za bei rahisi, magunia sawa ya korosho, mwendo wa pole, na kusimama kwenye kona pana katikati ya mteremko. Ya Cyril ilipata dereva. Ya Stamili haikumpata. Hakuna aliyetaka kuonekana upande wa mwanamke.

Ndipo Twahiru, aliyekuwa pembeni, akafungua mlango na kuketi kwenye usukani.

"Panda, Mama Bimdogo," alisema. "Breki si umefunga wewe?"

Stamili alipanda. Anakumbuka mumewe akiung'ang'ania usukani hadi kona ya kwanza. Kwenye ya pili aliulegeza. Nyuma yao pikapu ya Cyril ilianza kutoa moshi, na dereva wake akaokolewa na gia ndogo na breki ya mkono. Twahiru aliifikia kona pana, akakanyaga, na gari likasimama bila kelele.

"Alizima injini, akalia," Stamili anasema. "Kisha akaniuliza kama anaweza kuendelea mpaka chini."

Vigelegele vilitoka kwa akina mama waliokuwa wakipandisha maji. Cyril aliwafuata, akavua kofia. "Nimeona kwa macho yangu. Nifungie magari yote."

Sasa Twahiru anaendesha tena, na gereji haipumziki. Hata hivyo, Stamili hajaridhika na mahali ilipo. Ameshapata kiwanja Newala, pale barabara inapoanza kuinama, na matofali yanafyatuliwa.

"Gari likinifikia Masasi, limeshateremka," anasema, akiifunga nati ya mwisho. "Nataka nilione likiwa bado juu."