Kinga ya Fundi Bati

Fundi bati alikuwa mgane, mtu wa maneno machache. Watani wake karakanani walisema ukitaka kuisikia sauti yake, mgonge kidole kwa nyundo. Bintiye pekee alikuwa ng'ambo akifundisha Kiswahili, na kila Jumamosi asubuhi alimpigia simu. Siku hiyo fundi hakugusa bati mpaka simu ilie, asije akaikosa.

“Shikamoo baba. Leo wanafunzi wamenibana. Mwavuli unakinga mvua, sawa. Mbona ndoo nayo inakinga maji?”

“Marahaba, mama. Mwavuli ni mvua isikuloweshe. Ndoo ni maji yasikupotee. Neno ni hilo hilo, huku unazuia, huku unapokea.”

“Na kumkinga mtu?”

“Kusimama mbele yake, baya likupate wewe kwanza.”

Binti akapunguza sauti.

“Kama ulivyonikinga mimi?”

Mkewe alipozidiwa, fundi alimpeleka binti kwa shangazi yake, asimwone mama akinyauka. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliambiwa ni likizo fupi tu. Alirudishwa siku ya tatu baada ya maziko, na tangu hapo baba na mwana hawakuwahi kuligusa jambo lile.

“Sikutaka uumie, mwanangu.”

“Niliumia, baba, tena peke yangu. Ulinikinga na mama yangu mwenyewe.”

Fundi akaketi kwenye benchi la kazi. Miaka yote hiyo alijiona ametenda la kiume.

“Alikuulizia,” akasema hatimaye. “Mlango ukilia tu, ‘Karudi?’ Nami namwambia, ‘Kesho.’”

Binti akalia. Kisha akasema, “Endelea. Nataka yote.”

Akamweleza. Gauni la buluu lililompwaya. Uji aliokubali vijiko viwili. Siku aliyotaka asukwe nywele, msusi hayupo, fundi akazisuka mwenyewe.

“Wewe, baba? Kusuka?”

“Nilizikunja kama waya. Alijitazama kwenye kioo, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.”

Binti akacheka, machozi yakiwa hayajakauka. Wateja wawili walichungulia karakanani, wakamwona fundi alivyozama kwenye simu, wakaenda zao.

“Nikija unionyeshe kitanda alicholalia.”

“Nilikigawa, mama. Nilishindwa kukitazama.”

“Basi unionyeshe kilipokuwa. Tukae hapo hapo, mimi na wewe.”

Fundi akataka kuuliza atakuja lini. Badala yake akasema, “Nitapafagia.”