Nilikula Mikate ya Khitma, Wifi Yangu Akaitwa Mwizi

Mhariri, nakuomba unifichie jina na mtaa wangu. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkaazi wa huku Pemba, nimeolewa na nina watoto wanne. Ninayoyaandika sijapata kumwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Nayaandika huku naona haya.

Maradhi yangu ni kula. Vita hivi vya Wazungu vimeleta mchele wa mgao wa serikali, lakini sili kwa njaa. Nakula nikiwa nimeshiba. Naonja mchuzi wa papa, naonja tena, mpaka chungu kinapungua. Ukoko wa wali naukwangua nimesimama nyuma ya mlango wa jiko, na mtu akija najiziba mdomo kwa kanga. Tukikaa kwenye sinia mbele ya watu nakula matonge manne matano, nanawa. Mama mkwe, ninayekaa naye, alikuwa akiwaambia wageni, "Mkwe wangu hali kitu, mwili wake ni wa kuzaliwa nao tu." Nami nikiinamisha kichwa kama mtu mwenye adabu.

Mwaka juzi wifi yangu alifiwa na mumewe akarudi kwetu. Hapa nitamwita Bi Mize, silo jina lake. Ni dada wa mume wangu, mpole, kazi haimshindi. Siku zile mume wangu alikwisha anza kuuliza mbona mchele haufiki mgao mwingine. Mie nikijibu kwamba watu wameongezeka nyumbani. Ndivyo nilivyosema, na nilijua namsema nani.

Ikafika khitma ya marehemu baba mkwe. Nilipika mikate minane ya kumimina, ikatoka mizuri, nikaifungia kabatini. Baada ya adhuhuri wenzangu walikuwa uani, nikafungua. Nilikata kipande kimoja, nikajiambia nasawazisha ukingo tu. Nikasawazisha tena. Nilipozindukana mikate miwili haipo, na wa tatu umebaki nusu.

Alasiri mume wangu akaja kuchukua masinia, wageni wamekwisha kaa barazani. Akahesabu, akaniuliza mikate mingine iko wapi.

"Mie nilikuwa nasali," nikasema. "Ufunguo nilimwachia Bi Mize."

Ufunguo kweli nilimwachia, lakini baada ya kula. Bi Mize alikuwa anaosha vikombe. Alinitazama, akanitazama mdomoni, kisha akamtazama mamake. Akarudi kwenye vikombe vyake. Mume wangu akamwambia mbele ya majirani waliokuja kusaidia, "Khitma ya baba yako, Mize. Hata hii?"

Siku ya tatu Bi Mize alifunga nguo zake akaenda kwa mjomba wake kisiwani Makoongwe. Mlangoni aliniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, mie sikuja hapa kula." Nikajua kwamba anajua.

Baada ya hapo nilizidi kula. Magoti yakauma, nikawa siwezi kuinama kusujudu, nasali nimekaa kama bibi kizee. Ikabidi niende hospitali. Daktari aliniuliza nakula nini nikamdanganya, akangoja, nikaanza kulia, nikamweleza. Nilidhani ataniamuru niache wali na nazi. Akasema, "Wali kula, papa kula. Nakukataza kitu kimoja, kula umesimama. Pakua mara moja, kaa na wenzako, chungu kifunike. Mkate wa kumimina uwe wa Ijumaa, na uule mbele ya watu."

Nilidhani ni maneno mepesi, kumbe ni kazi. Wiki ya kwanza nikifunika chungu nilikuwa nakifunua tena. Nilianguka mara nyingi, nikaanza upya. Nikajifunza kutafuna polepole nikizungumza na mama mkwe, na nikaona ajabu, kipande kimoja cha mkate nikila kwa kukaa kina utamu kuliko mikate miwili ya kuiba. Asubuhi natembea hadi shambani kwetu na kurudi. Mwaka umepita. Kanga inanizunguka vizuri, nasujudu, na majirani wananiuliza dawa niliyotumia.

Ningekuwa na furaha, lakini sikilizeni. Mwezi uliopita tulikuwa tunakula, mume wangu akatazama debe la mchele akasema, "Unaona, mama? Mwaka huu Mize hayupo, mchele unafika mgao hadi mgao. Na mke wangu ndiye anayejinyima." Mama mkwe akafuta macho kwa upindo wa kanga. Tonge nikalirudisha siniani. Kule kujizuia kwangu ndiko kulikokuwa ushahidi juu ya mtu asiye na kosa.

Sasa mama mkwe hawezi tena kutembea. Bi Mize ameleta salamu kwamba anataka kuja kumuuguza mamake. Mume wangu amekataa, amesema aliyeiba chakula cha khitma ya babake hakanyagi hapa. Mama anamwita kila siku. Mie ndiye ninayemgeuza kitandani, na kila nikimgeuza ananiombea dua. "Mungu akulipe, mwanangu," anasema, nami naitikia amina.

Mara mbili nimekaa mbele ya mume wangu nimwambie, mara mbili nimemuuliza kama anataka chai. Naogopa talaka, naogopa watoto wangu kusikia mama yao ni mtu wa namna gani. Na siku aibu ikinizidi, mkono unataka kurudi chunguni.

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma, nipeni njia. Nianze kwa nani: mume, mama aliye kitandani, au nivuke Makoongwe nikamwangukie Bi Mize kwanza? Na maneno ya mwanzo niseme yapi? Nijibuni upesi, mama hana siku nyingi.