Mbwa Aliyekunywa wa Mwisho

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja nilipatwa na hasira ambayo nilidhani ingeisha nikikua. Haijaisha. Nina watoto wawili sasa, nashona sare za shule hapa Singida mjini, naishi na watu vizuri tu, lakini mtu akinitajia ugonjwa wa mbwa damu inanichemka kama nimetukanwa mbele za watu.

Kijiji chetu kiko upande wa Mgori, karibu na msitu. Kule mbwa si pambo. Mtama ukianza kukomaa nyani wanashuka mchana kweupe, na nguruwe pori wanamalizia walichobakiza nyani. Mbwa wetu aliitwa Mtasema. Jina hilo alipewa na Bibi, mama yake Baba, kuwajibu majirani waliosema tunalisha mbwa wakati watu wenyewe hawajashiba. Kila Bibi alipomwita kwa sauti, jirani alikuwa anapata ujumbe wake. Nilipoanza shule Mtasema alikuwa tayari mbwa mzima, na nilipofika darasa la tano alikuwa mzee: ndevu nyeupe, jicho moja limeingia ukungu, miguu ya nyuma imekakamaa kila asubuhi mpaka apigwe na jua. Nyani bado walimwogopa, nadhani kwa sifa zake za zamani. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha, na hakuwa akimfuata mtu mwingine.

Mwaka huo ugonjwa uliingia baada ya mavuno ya alizeti. Ulianzia kwa Mzee Ntandu, jirani yetu, aliyekuwa na watoto wa mbwa watano. Macho yao yalijaa tongo, makamasi yakawatiririka, wakakohoa, wakakataa chakula. Wawili walianza kutikisika kichwa na mguu bila kukoma, na wiki haikuisha wakafa. Watu wakasema ni balaa lililotumwa kwa binadamu, likakosea njia likaingia kwa mbwa.

Siku zile bwana mifugo alikuja na pikipiki yake kuchanja ng'ombe. Nilimfuata zizini, nikamwamkia, nikamweleza.

"Huo ugonjwa una chanjo, ila hapa sikubeba," alisema. "Na mbwa mzee kama huyo wenu akiupata hatoki. Mfungeni nyumbani. Asikutane na wenzake, asinywe kwenye chombo chao. Na wewe ukitoka kwa wenye mbwa wagonjwa, nawa kwa sabuni kabla hujamshika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usikie hakuna mbwa anayekohoa kijiji kizima."

Nilimfunga Mtasema nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuni. Nikampa sufuria yake mwenyewe, iliyotoboka ukingoni, na nikawa naisugua kwa majivu kila siku. Hakuwahi kufungwa tangu azaliwe, na siku ya kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilinawa mikono hadi Mama akauliza sabuni inakwenda wapi. Nilikuwa na kazi moja tu duniani, kumvusha yule mzee, na nilikuwa naifanya vizuri. Nataka hilo lijulikane.

Bibi alikuja kusimama mlangoni mwa kibanda.

"Mjukuu wangu, ukimfunga mbwa wakati wa ugonjwa, unaufunga ugonjwa nyumbani kwenu. Huyo atakufa. Na akifa, tusiulizane."

Nikamwambia maneno ya bwana mifugo. Akacheka.

"Bwana mifugo ana mbwa?"

Sikujua kama ana mbwa. Mpaka leo najilaumu kwamba nilinyamaza, kana kwamba lile lilikuwa jibu.

Siku ya nne Mzee Ntandu alipita nyumba kwa nyumba kutangaza dawa. Kwa asiyejua mambo ya kwetu nieleze. Mizizi huchemshwa, ikachanganywa na maziwa, ikamiminwa kwenye nusu ya kibuyu kikubwa pale njia panda. Mbwa wote huletwa wanywe humo humo, kibuyu kimoja, wagonjwa kwanza, wazima baadaye. Mbwa mzee kuliko wote ndiye anayekunywa wa mwisho na kulamba mpaka kibuyu kikauke. Waliamini kwamba ugonjwa wote unabaki chini ya kibuyu, na mzee anauchukua, anakwenda nao porini, kwa sababu yeye ameshaishi na hana cha kupoteza. Waliokuwa wakisema hivyo walikuwa wazee wenyewe. Wao wakishikwa na mafua tulikuwa tunawapelekea supu.

Hakuna mbwa kijijini aliyempita Mtasema kwa umri.

Nilimkimbilia Baba. Alikuwa anashona gunia, na alikuwa amemsikia bwana mifugo kwa masikio yake, alikuwepo zizini. Nilijua atanitetea.

"Mpeleke," alisema.

"Baba, si alisema asinywe chombo kimoja?"

"Nilimsikia." Aliendelea kushona. "Mbwa wetu asipokwenda, halafu wa wenzetu wakafa, watasema ugonjwa tumeutuma sisi. Unataka Bibi yako aitwe mchawi? Mpeleke. Wewe ndiye anayekufuata."

Nimekuwa mtu mzima na nimemwelewa. Nimewaona kina mama wazee wakisemwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini kuelewa hakujanipoza hata kidogo, kwa sababu yeye alijua. Bibi alikuwa anaamini, Mzee Ntandu alikuwa anaamini. Baba alijua kabisa kile kibuyu kina nini, na bado akamtoa mbwa ili nyumba yetu ibaki na jina zuri, na akamtuma mtoto.

Nilikwenda naye alasiri, kwa kamba. Alifurahi. Alidhani kifungo kimekwisha, akawa anachechemea mbele yangu huku mkia uko juu. Njia panda kulikuwa na mbwa kama ishirini na watu wanacheka na kuwashika masikio. Watoto wa mbwa wa Mzee Ntandu waliobaki, watatu, waliinamishwa kwanza. Walikohoa ndani ya maziwa. Niliona makamasi yakining'inia puani, yakadondoka, yakaelea.

"Mzee," nilisema, "makamasi yameingia."

"Ndiyo maana tunaye mzee wao," alijibu bila ukali. "Atayamaliza yote."

Bibi aliniambia ninyamaze, kwa Kinyaturu, na Bibi akihamia Kinyaturu mazungumzo yameisha.

Ilipofika zamu yake Mtasema alinusa kibuyu, akageuza uso. Wakamsukuma, akaweka miguu ngumu. Mzee Ntandu akamshika kichwa, Mtasema akaunguruma, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akimngurumia mtu anayemfahamu. Kisha akanitazama mimi.

"Mwambie wewe," watu wakasema. "Wewe anakusikia."

Watu wazima wote wale walikuwa wananitazama. Nilichuchumaa, nikamshika shingoni, nikamwambia, "Kunywa, Mtasema."

Akanywa. Alilamba mpaka kibuyu kikang'aa.

Siku kumi hakuna kilichotokea, na watu walinitania kwa sabuni yangu. Ya kumi na moja alipiga chafya. Sikuhitaji mtu kuniambia. Nilimrudisha kwenye kibanda cha kuni nikamlaza juu ya gunia, nikamfuta macho kwa maji ya moto na chumvi, nikamnywesha uji kwa kijiko ukamtoka puani. Miguu ya nyuma ilikuwa ya kwanza kumtoroka. Alikufa asubuhi moja wakati niko shuleni. Nilirudi nikakuta Baba ameshamzika na hataki kuonyesha wapi.

Bibi alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua hata uso.

"Si nilisema? Ulimfunga, akaufungia ugonjwa mwilini. Angekunywa akiwa huru angeondoka nao."

Katika watoto wa mbwa watatu, mmoja alipona. Ikawa sifa ya kibuyu. Na kifo cha Mtasema kikawa kosa langu. Bibi alikuwa ametabiri, utabiri ukatimia, na kijiji kizima kikamheshimu zaidi. Nilimpenda Bibi. Alipofariki nililia mpaka nikashikiliwa. Lakini ile "si nilisema" sijaisamehe, na nimeacha kujilazimisha.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na Neema, binti wa mdogo wangu wa kiume anayekaa kwenye ile nyumba yetu. Ana miaka kumi na mbili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Shangazi, mbwa wa huku wanaumwa. Mwalimu katuambia tuwatenge, basi nimemfunga mbwa wetu Bosi, si unajua kazeeka. Sasa Jumamosi kuna kibuyu. Baba anasema nimpeleke, eti wewe ulimfunga wenu akafa. Ni kweli ulimfunga?"

Kumbe ndivyo ninavyosimuliwa. Miaka yote hii mimi ndiye ushahidi wao.

"Nilimfunga siku nne na alikuwa mzima," nilimwambia. "Alikufa kwa sababu nilimfungua nikampeleka. Mpe baba yako simu."

Mdogo wangu alianza kwa kunituliza. "Dada, usikasirike. Nyumba moja ikikataa unajua watu watasema nini."

"Nimekasirika," nilisema, na sikumbuki kama niliwahi kulitamka neno hilo kwa mtu wa nyumbani. "Mbwa hafunguliwi. Jumamosi nakuja mwenyewe na mtaalamu wa chanjo. Wakisema ugonjwa umetumwa na nyumba yetu, waambie nimeutuma mimi. Wape na namba yangu."

Nyuma yake nilisikia Neema anauliza, "Kasemaje?" na baba yake akamjibu kwa sauti ya chini, "Mwache hapo hapo alipofungwa."

Sijui kama Bosi atavuka msimu huu. Ni mzee, na huenda chanjo imechelewa. Lakini Jumamosi nitasimama mimi pale njia panda, na mtoto yule hatatumwa kumwambia mbwa wake anywe.