Bei ya Istahil

Mtaa mzima wa Noonkopir ulijua kwamba Istahil ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Siku ya soko la mifugo, hata hivyo, ulimi huo haukumfaa kitu. Wanaume walipatana bei kwa vidole, mikono ya muuzaji na mnunuzi ikishikana chini ya shuka ili waliosimama kando wasijue. Sasa mjane wa Kiislamu atashikaje mkono wa mwanamume wa nje? Tangu afiwe, shemeji yake Hashi ndiye aliyeuza mbuzi kwa niaba yake. Hashi hakuwa mwizi, tuseme ukweli. Lakini Istahil alichoka kulea mbuzi mwaka mzima kisha aambiwe bei yao kama mgeni.

Mwaka wa 2005 jirani yake Ciku, mwenye kibanda cha video, aliwaita kina mama na wasichana waone katuni ya mwanasesere. Mwanasesere aliingia soko la farasi lililojaa wanaume, akasema neno moja tu, wote wakampisha na kumpigia makofi. Wasichana walishangilia, Yurub bintiye Istahil akiwashinda wote kwa kelele.

"Mama Yurub, si hiyo inafunza wasichana vizuri?" Ciku aliuliza.

"Hiyo ni uongo. Hakuna mtu hata mmoja alimkasirikia."

Yurub alinuna njia nzima. Istahil alijiona ameshinda, lakini lile neno moja la mwanasesere lilimwasha kama upupu.

Siku ya soko Hashi alikunjua shuka lake kama kawaida.

"Shemeji, leo pumzika," Istahil alimwambia. Kisha akataja bei yake kwa sauti, mbele ya watu wote.

Mmoja alicheka. Wengine waligeuka wakaenda zao.

"Umetuaibisha, shemeji," Hashi alisema, akakunja shuka na kuondoka.

Istahil aliogopa, akaishikilia kamba ya mbuzi. Adhuhuri ilipita bila mtu kumkaribia. Jua lilipoanza kushuka, mnunuzi mmoja aitwaye Khalif alirudi, akasimama mbali kidogo, akataja bei yake kwa sauti vilevile. Wakavutana hadharani, huyu akipandisha, yule akishusha, mpaka wakapatana. Istahil alijawa na furaha ambayo hakuwahi kuionja sokoni.

Yurub, aliyekuwa kando akitazama, hakuridhika. "Lakini Mama, kwa ile video watu walipiga makofi."

"Hapa mtu amenunua."