Nilieleza undugu wa panya siku ya posa yangu, ukoo wetu ukapasuka

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa nasoma na kupita kimya kimya. Leo kifua kimejaa. Majina nimeficha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Na msianze kuniita kaka, mimi ni dada, naishi Soweto hapa Moshi, kwetu Kirua Vunjo.

Nasoma masters. Utafiti wangu ni panya.

Chekeni mmalize, tuendelee.

Huyu wangu jenasi yake ni Lophuromys. Anakaa huku mlimani kwenye unyevu, manyoya magumu kama brashi ya viatu. Ukimkamata vibaya unabaki na mkia mkononi. Kazi yangu ni kujua nani ndugu yake nani.

Sasa mwaka jana mchumba wangu akaleta wazee wake nyumbani kwa posa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, mama na shangazi wako jikoni na mtori, ile supu ya ndizi na nyama. Baba, ambaye ndiye mkubwa kwao, kakaa katikati ya wadogo zake wawili.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba mkubwa wa mchumba wangu alipotaka kunitania.

"Mkwe, tunasikia huko chuoni unasomea panya. Panya ana nini cha kusomea?"

Ningejibu kwa kifupi nikarudi jikoni. Lakini ukinigusia panya wangu sijizuii. Nikaeleza kwamba ukimwona utadhani ni ndugu wa panya wa stoo. Wanaishi shamba moja, wanafanana, ila damu ni mbali. Ndugu zake wa karibu ni panya miiba, wale wa nyika kavu huko chini. Wataalamu wa zamani waliwatenganisha kwa sura tu, DNA ndiyo imewarudisha pamoja.

"Kwa hiyo majina mawili, damu moja?" akauliza yule baba mkubwa.

"Ndiyo, baba."

Akaacha kucheka. Akaweka kata ya mbege chini, akamgeukia baba yangu.

"Meku, mzee mwenzangu, ukoo wenu na wetu ndivyo zinavyosemwa. Waanzilishi walikuwa mtu na mdogo wake, wakagombana, mmoja akavuka mto na kubadili jina. Tulikuwa tunajifanya tumesahau. Huyu mtoto kanikumbusha. Damu moja haioani."

Baba mdogo mmoja akajaribu kusema hayo ni ya zamani, hakusikilizwa. Wageni wakaanza kuokota kofia zao. Wakiondoka mbege imebaki, hawarudi tena, kila mtu pale alijua. Nimeivunja posa yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo baba yangu akaniita.

"Rudia pale mwanzo. Kuna panya anaishi shamba moja na wenzake, anafanana nao, ila si damu yao?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ndiye mimi."

Akawaomba wageni wakae. Akasema alifika Kirua akiwa mgongoni kwa mama yake, mtoto mchanga. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa Upare, akafariki kabla yeye hajazaliwa. Babu alimwoa bibi, akampa mtoto jina lake na akapiga marufuku habari hiyo kutajwa.

"Binti yangu hana damu ya ukoo huu. Msimkatae kwa ajili hiyo."

Nilitaka kupiga kelele anyamaze. Wadogo zake hawakuwa wanajua. Mmoja alitoka nje, tukamsikia analia huko kwenye banda la ng'ombe. Na mimi nililia palepale mbele ya wakwe, aibu sikuiona.

Posa ikapokelewa.

Najua kuna atakayesema nipime DNA, kwamba huenda mzee alitunga ili niolewe. Hilo wazo nimelala nalo sana. Vifaa ninavyo. Sipimi, na mtu asinishauri.

Krismasi tukapanda nyumbani wote kama kawaida. Miaka yote baba ndiye anayeshika kisu na kugawa nyama, kwa kuwa ndiye mkubwa. Safari hii kisu kilishikwa na baba mdogo anayemfuata kwa umri. Baba akaelekezwa benchi la wageni, akaletewa sahani. Akashukuru, akala.

Nilichojifunza ni hiki. Nikimtoa panya kundi hili nikampeleka lile, panya mwenyewe hapotezi kitu, kesho yake anaendelea kuchimba. Binadamu anapoteza watu wake akiwa amekaa nao sebuleni.

Sasa kadi za harusi zinasubiriwa. Nimemuuliza baba niandike jina la ukoo gani mbele ya jina lake. Kasema, "Andika tu 'baba yake bibi harusi', basi."

Mngekuwa mimi mngeandikaje? Semeni mnavyoona, nasoma zote. Ila atakayemtukana mzee wangu tutagombana.