Ua Lililopewa Maji Safi

Nilipokuwa mtoto, hapakuwa na mwongo wa umri wangu aliyeniweza, kuanzia Zombe sokoni mpaka ng'ambo ya mto. Niliwahi kuwaambia wenzangu kwamba nilimpanda kongoni mgongoni, tukaenda naye mpaka Mutomo, tukarudi kabla uji haujapoa, na wawili kati yao waliamini. Nayasema haya mapema ili usije ukadai nilikuficha. Shule niliiachia darasa la saba, lakini mdomo sikuuachia popote. Hili nitakalokusimulia ndilo jambo la pekee ambalo sijawahi kulitia chumvi.

Mama yangu, ambaye kwa Kikamba chetu tulimwita mwaitu, alikuwa na bustani ya maua. Kwetu kule, jambo hilo lilikuwa kama kufuga samaki kwenye vumbi. Watu walipanda pojo na mbaazi, vitu vya kutia mdomoni. Yeye alipanda hivyo, halafu akapanda na visivyolika. Maji tuliyachimba kwenye mchanga wa mto, mwendo wa saa nzima na punda, kwa hiyo maji ya mwaitu yalifanya kazi tatu: yalinawisha nyuso, yakaosha sufuria, ndipo yakaenda kwa maua yakiwa na rangi ya chai na punje za muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, ndani. Na maua yakanenepa, wee! Bogenvilia ilipanda mpaka juu ya choo. Kuta za jikoni zilizungukwa na mikebe, makarai yaliyotoboka, hata buti moja la baba la mvua.

Bustani hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda yetu. Jua la Januari lilipoanza kuuma, majani yalijikunja kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa uani. Aprili yalijisahau yakacheka. Julai lilikuja lile wingu la baridi linaloahidi kila siku na halileti kitu. Septemba upepo ulibeba udongo mwekundu, na kila kilichokuwa ua kikawa kijiti. Halafu Oktoba, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu ya kanisa, pale pembeni nyuma ya jikoni, pakatoka kitu.

Kilitoka bila jani. Kwanza pua nyekundu ikapasua udongo. Baadaye shingo. Kisha likafunguka ua moja la mviringo, jekundu, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, nywele zimesimama pande zote. Lilikaa siku chache, mvua ikafika, nalo likalala mpaka mwaka mwingine. Hakuna aliyelipanda. Kuku wetu, ambao walichakura hata kaburi la babu, hapo hawakuchakura.

Na ua hilo mwaitu alilipatia maji safi. Kila asubuhi ua hilo likiwapo, alichota kikombe cha bati cha bluu, maji ambayo hayakuguswa na uso wala sufuria, akayamimina pale polepole. Sisi wenyewe tulikunywa kwa kipimo. Yaliingia ardhini kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza.

Susu, ndiye nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mzee wa ugoro mwingi na maneno machache. Aliniona siku moja nimechuchumaa karibu na ua hilo.

"Mbiti," akasema, "hilo usilivuke. Usilichume."

"Nikilichuma?"

"Litakufuata."

"Kwani lina miguu, Susu?"

"Wewe ulipokuja kwetu ulikuja kwa miguu?"

Mbiti maana yake ni fisi. Kwetu mtoto hupewa jina kama hilo anapozaliwa baada ya msiba, ili aimu, zile roho za waliotangulia, zimwone ni takataka, zimpite. Hilo nililijua kama nilivyojua rangi za mbuzi wetu. Kuuliza ni msiba gani, sikuwahi.

Nilikuwa na miaka tisa Oktoba ile tulipoambiwa kwamba mhubiri mgeni anakuja kutoka upande wa Machakos. Mwalimu wa Sande skuli akataka kila mtoto alete ua la kupamba meza. Musyoka, mtoto wa mwenye mashine ya kusaga unga, akanigeukia hapo hapo.

"Wewe Fisi utaleta nini? Maua ya kwenu yananuka maharagwe."

Wenzangu wakacheka mpaka wakashikana. Nami mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukajibu, "Nitaleta ua ambalo hata huyo mhubiri hajaliona tangu azaliwe. Likiingia, nyote mtanyamaza."

Kweli walinyamaza. Lakini tusifike huko bado.

Jumapili asubuhi mwaitu na Susu walitangulia kusaidia kupikia wageni. Nilibaki niwafungulie mbuzi. Jua lilikuwa jeupe, hakuna kivuli hata cha kunguru. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaenda nyuma, nikashika shina. Lilikuwa na uvuguvugu. Nilijiambia ni jua. Nikakata.

Nikasikia kwikwi.

Ile kwikwi ya mtoto mchanga aliyeshiba. Mara moja tu, chini, karibu na mguu wangu. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtoto mdogo kuliko mimi. Nilisimama nikasikiliza mpaka masikio yakaniuma. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu, nikalitia ua ndani ya shati nikakimbia. Sikutazama nyuma. Unga wa manjano ulinishika kifuani, na alama yake haikutoka kwenye shati lile kwa sabuni yoyote mpaka likawa tambara la kufutia taa.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na joto lake lingeivisha yai. Wenzangu walileta bogenvilia zilizochoka. Mimi nikatoa langu. Mwalimu akasema "Aiyaa!" akalitia kwenye glasi katikati ya meza, likasimama pale kama jua la jioni. Mhubiri alilisogelea akalitazama mara mbili. Musyoka aliangalia vidole vyake vya miguu. Nakuambia, kwa muda wa wimbo mmoja, mimi nilikuwa mtu mkubwa Ukambani kote.

Ndipo mwaitu akaingia na akina mama wengine kutoka jikoni, mikono bado ina maji.

Aliliona akiwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alitembea katikati ya viti mpaka mbele, akapita karibu na mhubiri kama anayepita karibu na nguzo, akalitoa ua kwenye glasi. Akavua leso begani. Akalifunga ua vizuri, kichwa kikiwa nje, akarudi kukaa benchi ya tatu, akalipakata.

Alilipakata mahubiri yote. Goti lake likawa linapanda na kushuka, lile goti la mama anayebembeleza. Mhubiri alisita, akaendelea. Hakuna aliyecheka. Niliona wanawake wazee wameinamisha vichwa, na nikaelewa kwamba kuna jambo linalojulikana na kanisa zima isipokuwa mimi. Susu alikuwa nyuma yake. Wakati wa maombi aliweka mkono wake begani kwa mwaitu, akauacha pale mpaka amina.

Tuliporudi nyumbani nilingoja fimbo. Niliitamani. Mwaitu hakunigusa, hakuniangalia hata. Alienda nyuma ya jikoni, akafukua kidogo kwa mikono, akalaza ua pale lilipotoka, akafunika.

Susu ndiye aliyeniita chini ya paa la ghala.

"Kabla yako alikuja msichana," alisema. "Alikaa siku mbili. Unajua kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo bado ni wa aimu, hajawa wetu. Na asiye wetu haliliwi. Nilimzika mimi, pale, mchana. Tukarudi tukapepeta pojo."

"Mwaitu alilia?"

"Nilimkataza." Akatia ugoro puani, akachelewa kupumua. "Alipopata nguvu ya kutoka kitandani akaanza kupanda maua."

"Huyo msichana anaitwa nani?"

"Haitwi. Nimekuambia siku mbili."

Mvua ya mwaka ule ilinyesha kwa kina Musyoka. Niliiona kwa macho yangu ikitembea shambani kwao, ikafika kwenye boma letu la minyaa, ikasimama. Mvua za kwetu huwa na tabia hiyo, mtu yeyote wa Kitui atakuambia. Lakini mimi nilihisi inanitazama.

Oktoba iliyofuata ua halikutoka. Wala mwaka uliofuata. Na kila Oktoba, mwaitu alikwenda na kikombe cha bluu akamwagia ardhi tupu. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa: kumwona. Nilianza kwenda mtoni alfajiri na mtungi wangu mwenyewe, ili maji ya kikombe kile yasimpunguzie ya kunywa. Hatukulizungumza. Usiku sikuwa na shida, nililala kama gogo. Ni mchana, saa za jua jeupe, nilipokuwa nikipita nyuma ya jikoni, ndipo nilipotembea haraka, nisije nikasikia ile kwikwi. Na niliogopa zaidi kwamba sitaisikia tena, kwamba nimemfukuza kabisa.

Miaka ikaenda. Susu akafa. Mimi nikafika Sultan Hamud, kando ya barabara kuu, nikawa fundi wa pancha, na bila kujisifu, hakuna tairi la lori kati ya Emali na Salama lisilonijua. Maji ya bomba yalipofika nikakata matairi mabovu, nikayapaka chokaa nyeupe, nikapanda maua mbele ya kibanda. Watu walicheka. Nikawaambia ni mapambo ya biashara.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, mwaitu alinipa mshubiri kwenye karai lenye udongo wa nyumbani. "Wa kuponyea moto wa mashine zako," alisema. Nikauhamishia ndani ya tairi la mwisho, udongo na vyote.

Oktoba hiyo, vumbi la malori likiwa limefunika kila jani, nilifungua kibanda asubuhi nikaona pua nyekundu kando ya mshubiri.

Nilikaa chini, bwana. Wateja wawili waliningoja wakaenda kwingine. Najua utasema mzizi wake wa kitunguu ulikuwa ndani ya ule udongo. Hata mimi nimesema hivyo. Lakini udongo ule ulitoka upande wa zizi, si nyuma ya jikoni, na nilikuwa nimeuvunja kwa mikono yangu bonge kwa bonge.

Nikampigia mwaitu simu. Nilitaka kumwambia vizuri, kwa mpango, ila mdomo wangu uliokuwa ukijibu kila mtu ulikauka.

"Mwaitu," nikasema, "lile ua. Limetoka huku kwangu."

Nikasikia kuku wake, na upepo wa Zombe kwenye simu.

"Mumbua amekunywa maji?" akauliza.

Mumbua ni jina tunalowapa wasichana wanaozaliwa mvua ikinyesha. Miaka zaidi ya thelathini, ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Mwaitu alikuwa nalo muda wote huo, tangu ile siku ya pili, akingoja ya tatu.

"Bado, mwaitu."

"Basi mpe. Yasiwe ya sufuria."

Nimempa tangu hapo, kila Oktoba. Yanaingia ardhini kwa sauti ile ile. Madereva huniuliza ua hilo linaitwaje, nami niliyewahi kudai nilimpanda kongoni huwajibu kwamba sijui, ni magugu tu. Nimefikiri sana kuhusu benchi ile ya tatu. Miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilimvunja mama yangu mbele ya watu. Sasa sina hakika. Huenda ndiyo siku pekee aliyompakata mtoto wake kanisani kama wanawake wengine, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Sijisamehe kwa hilo, kisu kilikuwa changu. Nasema tu kwamba sina hakika.

Mwaitu alituacha mwaka juzi. Hakuniachia kitu isipokuwa kikombe cha bluu, kimebanduka rangi pembeni, na jina. Kikombe natosha kukitunza peke yangu. Jina ni zito kwa mtu mmoja, tena mwongo anayejulikana. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mbele ya tairi la mwisho, udongo ukiwa bado mtupu na vumbi likipita.

Alikuwa anaitwa Mumbua. Sasa na wewe unalijua.