Umande wa Karani

Karani wa kituo chetu cha majani chai ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Tangu figo zake zikatae kazi, mara nne kwa siku ananawa hadi viwiko, anatundika mfuko wa dawa kwenye ndoano ya mizani, na maji yanaingia tumboni kwa mrija kumsafisha damu. Sisi na magunia yetu tunangoja. Akimaliza, anapima na kusema, "Toa kilo mbili, gunia na umande." Hata kiangazi cha tisini na saba, umande.

Juzi uso ulimvimba, chakula kikamshinda. Nesi Jerusa alikuja kutoka Kericho, akasema mifuko minne inamtosha mtu mdogo, mwili mkubwa unataka zaidi, kwa hivyo apimwe. Tulifunga magunia kama bembea, tukamketisha, tukamtundika. Mshale ukasimama mia na kumi na nane.

"Toa mbili za magunia," akasema akining'inia. "Toa mbili za maji ya tumboni, hayo si mimi. Toa koti. Toa uji." Nesi alikuwa akizikata tu daftarini. "Na umande." Ilikuwa saa saba mchana.

Mama Tecla, aliyekatwa umande miaka kumi na mmoja, alimshika nesi mkono. "Sista, andika yote. Ukimpunguzia vile anatupunguzia, atakufa."

Karani alizunguka polepole hewani.

Sasa anatundika mifuko mitano, na tunangoja zaidi. Jana alipima gunia la Tecla, akamwangalia kwa muda.

"Toa moja," akasema.